Vidole Vinne vya Karatasi Tupu

Kila sifa njema inamrudia Mwenyezi Mungu, aliyetupa pumzi kabla hatujajua kuiomba, na akasitiri aibu zetu kabla hatujajua kuwa ni aibu. Namshukuru kwa umri alionipa, kwa macho ambayo bado yanaona herufi ndogo, na kwa mkono huu wa kulia ulioandika mengi na ukakosea mara moja kosa ambalo nusura liondoe kijiji kizima. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu, jamaa zake na masahaba zake. Baada ya hayo, nataka kuusimulia mwaka mmoja tu wa ujana wangu. Sikuwahi kuuandika hapo kabla, kwa sababu mtu aliyestahili kuusimulia kuliko mimi alikuwa hai, naye hakutaka usimuliwe.

Jumatatu iliyopita tulimuosha Bi Mejumaa. Tulikuwa wanawake wanne katika chumba chake cha nyuma, mlango umefungwa, leso zimetandazwa dirishani, na nje tulisikia wanaume wakivuta viti na kuulizana kama kaburi limekwisha kuchimbwa. Muosha maiti hasimulii aliyoyaona, na mimi sitasimulia, isipokuwa kidole gumba cha mkono wake wa kulia, ambacho kijiji kizima kilikijua akiwa hai. Kiliungua kwa mafuta ya karai alipokuwa msichana, na ngozi iliporudi ikarudi laini kama ganda la yai, haina mstari hata mmoja. Alipotia dole kwenye karatasi kilichobaki kilikuwa duara la wino tu. Nilipofika kwenye kidole hicho nilikishika nisikiachie, na mwenzangu aliyekuwa akimimina maji akaniuliza, "Mwalimu, umechoka? Nikupokee?" Nikamwambia sijachoka. Nilikuwa nimerudi mwaka ule.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja, na nilikuwa mwandishi wa chama cha wakazi wa kijiji chetu cha Mwakitunda, kusini ya Msambweni. Nilichaguliwa kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko wa wanaume waliokuwepo, na Mzee Bakari, mwenyekiti wetu, hakuona haya kulisema hilo mbele yao. Tulikutana kila Alhamisi baada ya sala ya alasiri nyumbani kwake. Wanaume waliketi nje barazani juu ya majamvi, wanawake chumba cha ndani juu ya mikeka, na mlango baina yao ukaachwa wazi. Mimi nilikaa kizingitini, goti moja huku na jingine kule, ili nisikie pande zote mbili. Hadi leo nikifumba macho naisikia harufu ya baraza ile: chokaa, tumbaku ya kutafuna, na muhogo wa nazi ukichemka jikoni kwa mke wake. Chama hakikuanza kwa ugomvi na mtu. Kilianza kwa mbuzi aliyetumbukia kisimani, tukaona aibu kunywa maji yale, na Jumamosi iliyofuata tukatoka kwa msaragambo, wanaume wakichonga mawe ya matumbawe na wanawake wakibeba mchanga, hadi kisima kikapata ukingo na kifuniko. Tulipomaliza kisima tukazungushia mava yetu ua wa miti, kwa sababu ng'ombe walikuwa wakilala juu ya makaburi. Kisha tukawasimamisha watu wa malori waliokuwa wakichota mchanga wa ufuoni. Tulikuwa na furaha ya watu wanaofagia nyumba yao, bila kujua kwamba nyumba imekwisha kutazamwa na mwingine.

Asubuhi moja wanawake walioenda kuteka maji walikuta vigingi vya saruji, vile ambavyo wapima ardhi huviita bikoni, vimesimikwa ardhini. Kimoja kilikuwa hatua chache kutoka kisimani. Kingine kilikuwa ndani ya mava, baina ya makaburi mawili, kimenyooka kama jiwe la maiti asiyejulikana. Hapana aliyewaona waliovisimika. Siku chache baadaye likaja tingatinga la manjano, likaegeshwa kando ya njia ya pwani, na dereva akaondoka. Lilikaa pale majuma mengi bila kuwashwa, na nadhani hilo ndilo lililotutisha zaidi. Tulipita kando yake na ndoo vichwani tukiongea kwa sauti ndogo, kama watu wanaopita karibu na mbwa aliyelala. Watoto wangu wa madrasa leo hucheka nikiwaambia hivi. Lakini kijijini kwetu hapakuwa na mtu mwenye hati ya ardhi. Tulichokuwa nacho ni makaburi ya wazee wetu, minazi waliyoipanda, na kumbukumbu.

Sasa nieleze desturi yangu, maana kosa lilitoka humo. Katika kila mkutano ilipitishwa karatasi ya waliohudhuria. Niliandika majina, na kila mtu akatia dole mbele ya jina lake kwa wino wa zambarau. Karatasi ilianza barazani, ikaingia ndani kwa wanawake, na ikarudi kwangu imeguswa na mikono iliyotoka kuparua samaki na kukuna nazi. Maalim aliyenifundisha alikuwa amenionya tangu utotoni nisiandike jina la Mwenyezi Mungu bila udhu, wala nisiliandike mahali litakapoburutwa chini. Kwa hiyo niliacha juu ya kila karatasi nafasi tupu, upana wa vidole vyangu vinne. Nikirudi nyumbani nilitawadha, nikasali, nikaketi mezani, kisha nikaandika Bismillahi kwa utulivu, na chini yake tarehe na shabaha ya mkutano. Kijiji kizima kilijua, na kilijivunia. "Mwandishi wetu hamkaribii Mungu na harufu ya samaki," Mzee Omari, jirani yake Mzee Bakari, alipenda kusema. Nami nilijivunia pia. Mwenyezi Mungu anisamehe, nilijivunia sana.

Baada ya bikoni kuonekana alikuja mtu aliyesema ni karani wa wakili wa Mombasa anayesaidia vijiji. Simtaji jina, na huenda lile alilotupa halikuwa lake. Alivua viatu mbali na baraza, akamwamkia kila mzee shikamoo kwa zamu, akasali alasiri katika safu yetu, akala muhogo wa nazi akausifu. Mkutano ulipokwisha, watu wakitawanyika, alikuja hadi umbali wa heshima, asivuke jamvi, akaniambia, "Dada yangu, mwandiko huu ni kama wa msahafu. Wakili akiuona atajua kuwa hapa kuna watu." Akaomba karatasi ya siku ile akaitoe nakala Ukunda, ili wakili ajue idadi yetu. Nilitaka kumwambia asubiri niandike juu. Jua lilikuwa linashuka, naye alikuwa na haraka, na maneno yake yalikuwa bado matamu masikioni mwangu. Nikampa. Aliipokea kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea mtoto.

Alhamisi iliyofuata hakuja, wala ile ya pili. Sikusema kitu, kwa kuwa hapana aliyeuliza. Kisha wazee wakaitwa ofisini kwa naibu wa chifu kuonyeshwa karatasi, na waliporudi Mzee Bakari alipita mbele ya nyumba yetu bila kuamkia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Habari ilifika kabla ya magharibi. Kulikuwa na karatasi yenye majina yetu na madole yetu, na juu yake maneno ya taipureta yaliyosema kwamba sisi wakazi wa Mwakitunda tumekubali kwa hiari yetu kuhama, na kuhamisha makaburi yetu, na kukiacha kisima. Shauri lingesikilizwa Kwale baada ya mwezi. Tusipopinga kwa ushahidi, tingatinga lingeanza kazi. Naibu wa chifu alipowauliza wazee kama madole ni ya bandia, Mzee Bakari alikuta duara moja lisilo na mistari, na kwa kuwa ni mkweli akasema, "Hili ni dole la Mejumaa. Karatasi ni yetu."

Basi neno hilo la kweli ndilo lililomponza asiye na kosa. Watu walidhani karatasi imeibwa kwangu, wakatafuta mwizi. Bi Mejumaa alikuwa mjane aliyekaanga samaki kwenye njia ya kisimani, na wapima ardhi walipokuja mara ya kwanza kutazama, kabla ya bikoni, waliketi kwenye benchi lake wakala mahamri na mbaazi, kama anavyokula mpita njia yeyote. Asubuhi ya pili nilikuwa kisimani, zamu yangu haijafika, nikamsikia Bi Riziki, mwanamke mwenye ulimi uliojulikana, akisema bila kugeuka, "Mtu hali mahamri kwa mwenzake siku tatu mfululizo bila kuambiwa siri." Mwingine akamjibu, "Na dole lake ndilo lililotambuliwa." "Haswa. Mungu hamsitiri mwizi." Ndoo yangu ilikuwa tupu na nikahisi imejaa mawe. Ningesema pale pale ingekuwa imekwisha. Lakini niliwaza neno litakalofuata: msichana ambaye hajaolewa alimpa mwanamume mgeni karatasi mlangoni, na alisifiwa. Nikateka maji yangu, nikaondoka.

Watu wakaacha kununua kwa Bi Mejumaa. Hapana aliyemtukana, walipita tu. Nilikuwa nikiona samaki wake, changu na tafi aliowakaanga, wakilala kwenye sinia hadi mafuta yanaganda juu yao, naye ameketi na kawa mkononi akifukuza nzi, akiwaamkia watu ambao hawakuitika. Mimi nilimwitikia, na kuitikia kwangu kulikuwa kubaya kuliko kimya chao, kwa sababu yeye alinishukuru. "Wewe una adabu, mwanangu," aliniambia. Kila nikisikia gari huko barabarani nilidhani ni la kuwasha tingatinga. Kila nikisikia kikohozi cha Mzee Bakari nilidhani anakuja kuniuliza. Nilikuwa nikisali sala zangu tano kwa wakati, na kila sujudu niliomba kitu ambacho sasa naona haya kukitaja: kwamba jambo lijitatue bila mimi. Nimewafundisha watoto miaka mingi tofauti ya kumwogopa Mungu na kuwaogopa watu, na hawajui kwamba mwalimu wao aliijua tofauti hiyo vizuri na bado akachagua watu, siku baada ya siku.

Hofu ilipata jina pale wazee walipokata shauri isomwe Halbadiri. Kwetu pwani, dhuluma ikifanyika na mdhulumu asijulikane, husomwa majina ya waliopigana Badri, na mtu yule akashtakiwa kwa Mwenyezi Mungu moja kwa moja. Leo najua maulamaa wana maneno mengi juu ya kisomo hicho, na sitaingia katika maneno yao. Wakati ule nilijua tu hadithi nilizokua nazo, za mtu aliyevimba tumbo, na za aliyepotewa na ulimi kabla ya Ijumaa ya pili. Siku ilipangwa, Ijumaa baada ya alasiri, barazani kwa Mzee Bakari. Nami nikasikia kupitia ukuta wa makuti, Bi Riziki akimwambia mama yangu, "Unajua Mejumaa kasema nini? Kasema isomwe, na yeye atakaa mbele, na wajukuu zake awapakate." Mama akauliza, "Kasema hivyo kwa kiburi?" Bi Riziki akajibu, "La. Kasema kama mtu aliyechoka."

Ijumaa ile nilikaa kizingitini kama kawaida yangu. Chetezo kilikuwa kikifuka udi katikati ya baraza, Maalim amekifungua kitabu juu ya mto, na wanaume hawakuwa wakitafuna tumbaku. Ndani, Bi Mejumaa alikuwa mbele kabisa, karibu nami kiasi cha goti lake kugusa langu, wajukuu wawili wamelala mapajani pake kwa joto. Alikuwa amejipaka mafuta mikononi, lakini bado alinukia samaki, na alijua, akaificha mikono chini ya leso. Maalim akasafisha koo. Nikaona midomo yake inafunguka, na nikasikia sauti ikisema, "Maalim, subiri," na ilikuwa yangu. Nikasema yote nikiwa nimeketi, nikitazama jamvi: karani, nakala, mikono miwili, na yale maneno juu ya mwandiko wangu.

Mzee Bakari akauliza, "Ulimpa karatasi ikiwa tupu juu?"

"Tupu, ami."

"Kwa nini tupu?"

"Sikuwa nimetawadha, ami. Sikuweza kuandika Bismillahi."

Mzee Omari akapumua kwa pua. "Wenzetu huuzwa kwa tamaa," akasema. "Sisi tumeuzwa kwa udhu." Mtu mmoja akacheka, kisha akajuta. Mzee Bakari hakucheka. Alimtazama Maalim akamwambia, "Funga kitabu. Mdhulumu tumekwisha kumjua, na hayupo hapa. Mtu yule nilimketisha mimi juu ya jamvi langu, nikampa maji. Kama ni kosa, basi tupo wawili." Nilikuwa nalia, na sikuthubutu kugeuka ndani. Nilihisi goti la Bi Mejumaa limetoka kwenye goti langu. Akaniuliza polepole, ili wengine wasisikie, "Mwanangu, ulikuwa unajua siku zote hizi?" Nikasema nilikuwa najua. Akawaamsha wajukuu zake mmoja mmoja, akawafunga leso, akapita juu ya kizingiti akaenda zake.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwenye benchi lake watu wakiwa njiani kwenda kisimani. Mafuta yalikuwa bado baridi. Nikaketi, nikangoja hadi akawasha kuni, akakaanga tafi, akaniwekea mbele na kipande cha ndimu. Nilimla samaki yule mbele ya kijiji kizima, na kila aliyepita aliona. Bi Riziki alikuwa wa tatu kupita. Alitua ndoo chini, akasimama, kisha akaketi pembeni yangu akasema, "Nami nikaangie, Mejumaa. Mkubwa mkubwa." Bi Mejumaa akamwambia, "Wakubwa wamekwisha. Waliliwa na paka majuma haya yote." Akamkaangia mdogo.

Lakini tingatinga lilikuwa bado pale, na Kwale ilikuwa bado mbele. Siku ya shauri nilipanda mlima wa Kwale nikiwa nimekumbatia faili kifuani kama mtu aliyebeba chungu chenye ufa. Ndani yake zilikuwamo karatasi zetu kumi na moja za mikutano mingine. Chumba kilikuwa na meza ndefu, feni isiyozunguka, na upande wa pili mabwana wenye mikoba, waliotaka ardhi yetu. Afisa aliyesikiliza shauri alikuwa mtu wa bara, mkavu wa maneno. Aliniuliza kama ni mimi niliyeitoa karatasi ile, na kama nililazimishwa. Nikasema sikulazimishwa, nilisifiwa. Akaniangalia juu ya miwani. Kisha nikamweleza kuhusu udhu, nikiwa na hakika kwamba mtu asiye wa dini yetu atacheka, na nikapanga karatasi kumi na moja mbele yake. Hakucheka. Aliweka vidole vyake vinne juu ya ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu, akaenda hivyo hadi ya mwisho, na kila moja Bismillahi yake ilikuwa mle ndani kwa mkono wangu, na majina yakianzia chini tu ya vidole vyake. Kisha akaweka vidole juu ya ile ya mabwana. Maneno ya taipureta yalikuwa yamebanwa kama watu katika mlango mwembamba, na mstari wa mwisho ulikuwa umepanda juu ya jina la Mzee Bakari. Afisa akaisukuma karatasi ile kando. "Hii siipokei," akasema. "Ardhi itapimwa upya, na wakazi wakiwepo."

Hatukushinda yote, na sitaki msomaji adhani tulishinda yote. Ilipita karibu mwaka kabla ya kipimo kipya. Kisima na mava viliandikwa kwa jina la kijiji, na tingatinga lilichukuliwa likaacha madoa ya mafuta ambayo majani hayakuota tena. Njia ya pwani tuliipoteza. Hadi leo tunazunguka ukuta mrefu kufika baharini, na wajukuu zangu hawaamini kwamba bibi yao aliiendea bahari moja kwa moja. Chama bado kinakutana Alhamisi. Mzee Bakari alitangulia zamani, Mwenyezi Mungu ampe kauli thabiti, na mwandishi siku hizi ni msichana mwenye simu, mwerevu kuliko nilivyokuwa. Mimi sikuacha uandishi mwaka ule, kwa sababu Mzee Bakari alikataa niache. Nilibadilisha jambo moja. Nilianza kutawadha kabla ya kwenda mkutanoni, na nikaandika Bismillahi juu ya karatasi safi kabla haijaguswa na mkono wa mtu, na tarehe, na shabaha, hadi nafasi ikaisha. Nilidhani namheshimu Mola wangu kwa kumwachia mahali, na kumbe kila jambo jema tumefundishwa tulianze Kwake.

Bi Mejumaa hakuwahi kuniambia kwamba amenisamehe, nami sikuthubutu kumwomba aseme. Ila tangu mkutano wa kwanza baada ya Kwale, karatasi ilipomfikia, alikiinua kidole chake kilicho laini hewani, kimekwisha kupakwa wino, akaniuliza mbele ya watu wote, "Mwandishi, juu kumejaa?" Nikasema, "Kumejaa, Bi Mejumaa." Wanawake wakacheka, naye akatia dole. Alinifanyia hivyo mwaka baada ya mwaka, hata nilipokwisha kuwa na wajukuu, hata alipokuwa hasikii jibu na ikabidi nilipaze. Kila mara moyo wangu uliruka kidogo kabla ya kujibu, na nadhani alijua. Jumatatu ile, katika chumba cha nyuma, nilipokifuta kidole chake kwa pamba, nikakilaza pamoja na vingine na sanda ikakifunika, niliinamisha kichwa na kusema kwa sauti ambayo mwenzangu wa maji hakuisikia, "Kumejaa, mama." Kisha wanaume wakabisha hodi, wakambeba hadi mavani, mahali petu.

Ewe uliyesoma hadi hapa, Mwenyezi Mungu akulindie kisima chako na makaburi ya wazee wako. Akupe ulimi wa kusema kweli mapema, kabla mwenzako hajalipa kwa kimya chako, na kama umechelewa, akupe mtu wa kukukaangia samaki asubuhi yake. Na asiache katika siku zako mahali patupu ambapo jina Lake halijatangulia. Amina.